Usilipie Kitanda, Lipia Upande: Kuchagua Nyumba ya Juu ya Maji Maldivi

Picha za nyumba za juu ya maji karibu zote hupigwa katika hali moja: jua la utosi, maji yamejaa, upepo umelala. Ile buluu ya kung'aa hutokea mchana kwa sababu mwanga unashuka wima hadi kwenye mchanga mweupe wa chini, kisha unarudi juu. Maji hayohayo saa kumi na moja jioni, yakiwa yamekupwa na upepo ukivuma usoni mwa baraza, ni kitu kingine kabisa. Anayelala pale siku nne anaishi na saa zote, hata zile ambazo mpiga picha alikuwa amekwishafunga vifaa vyake.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, tena kabla hawajalipa. Wanalinganisha kitanda, beseni la kuogea na mita za mraba za chumba, vitu ambavyo katika hoteli za kiwango kimoja havitofautiani sana. Tofauti iko pale nyumba iliposimama: imeelekea wapi, chini yake kuna maji ya kina gani, mwamba wa matumbawe uko umbali gani, na upepo wa msimu huo unatokea wapi. Nyumba mbili za bei moja, kwenye gati moja, zinaweza kukupa likizo mbili zisizofanana hata kidogo.

Hata wazo la nyumba hizi lilitokana na mahali. Mwaka 1967 Wamarekani watatu, Jay Carlisle, Don McCallum na Hugh Kelley, walikuwa na hoteli Raiatea, katika Polinesia ya Kifaransa, kisiwa ambacho fukwe za mchanga ni haba. Walipokosa ufuo wa kuwapa wageni, walisimamisha vibanda juu ya nguzo, ndani ya maji yenyewe. Maldivi, ambako utalii ulianza mwaka 1972 kwa hoteli ya Kurumba, walikuja kulichukua wazo hilo na kulipanua kuliko mahali pengine popote. Nchi ina visiwa karibu 1,192, na utaratibu wa hoteli zake za mapumziko ni kisiwa kimoja, hoteli moja. Maana yake ni kwamba ukishafika na kugundua umekosea, hakuna hoteli ya jirani ya kuhamia kwa miguu.

Kaskazi, kusi na bei ya machweo

Maldivi inaongozwa na pepo zilezile ambazo mabaharia wa Bahari ya Hindi wamezijua tangu enzi za majahazi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na huleta ukavu. Kusi hushika kuanzia Mei hadi Oktoba hivi. Ila ukishavuka ikweta na kufika Maldivi, kusi hiyo huwa imepinda. Inatokea kusini-magharibi, mara nyingi magharibi kabisa. Kwa hiyo msimu wa kusi upande unaopigwa na mawimbi ni magharibi, na msimu wa kaskazi ni mashariki.

Sasa angalia orodha ya bei ya hoteli. Nyumba za "upande wa machweo" karibu kila mara ni ghali kuliko za "upande wa macheo". Machweo ni magharibi. Mgeni anayekwenda Julai akalipia nyongeza ya machweo, analipia pia upepo usoni, vitambaa vya viti kupeperuka, chumvi kwenye vioo, na maji yenye vurugu chini ya ngazi. Tena katika msimu huo mawingu hulifunika jua jioni nyingi. Aliyeko ng'ambo ya gati, kwenye macheo, amelipa kidogo na maji yake yametulia kama ya kwenye karai.

Mwezi wa Februari mambo yanageuka. Magharibi pametulia, na anga ni safi. Nyongeza ya machweo ina maana wakati huo, ingawa bado kuna jambo moja ambalo brosha hazisemi: jua. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Baraza linaloelekea magharibi linapigwa na jua moja kwa moja tangu saa nane mchana, na saa tisa mbao zake haziwezi kukanyagwa bila kandambili. Baraza la macheo linaungua asubuhi, lakini kuanzia adhuhuri nyumba yenyewe hulitilia kivuli. Kama mnapenda kukaa nje baada ya chakula cha mchana, chukueni macheo, kisha jioni mtembee dakika tano mkatazame machweo kutoka ncha ya gati. Ndiyo ushauri wetu kwa watu wengi, na hauwagharimu kitu.

Na si kila "machweo" ni machweo. Mwezi wa Juni jua huzama takriban digrii 23 kaskazini ya magharibi kamili. Desemba huzama digrii 23 kusini yake. Ni mwendo wa digrii 47 hivi kwa mwaka. Nyumba iliyoelekea kusini-magharibi italiona jua likigusa bahari mwezi wa Januari, na mwezi wa Juni italiona likizama nyuma ya paa la jirani. Fungua ramani, tazama pembe ya baraza, kisha ulinganishe na mwezi wa safari.

Kusoma maji kwa picha ya setelaiti

Kazi hii inachukua robo saa na ina thamani kuliko maoni mia ya wageni waliopita. Fungua picha ya setelaiti ya kisiwa na usome rangi. Buluu-kijani iliyopauka ni mchanga wenye maji machache. Madoa meusi yaliyotawanyika ni vichwa vya matumbawe au nyasi za baharini; matumbawe huwa na kingo zilizokatika na umbo la mviringo, nyasi hutanda kama kivuli chenye ukingo laini. Pale buluu ya kupauka inapogeuka ghafla kuwa buluu nzito, karibu nyeusi, ndipo ulipo ukingo wa mwamba, mahali sakafu ya bahari inapoporomoka. Samaki wengi wako hapo.

Tumia kipimo cha umbali cha ramani kutoka kwenye nyumba hadi kwenye ukingo huo. Mita 30 mpaka 50, unashuka ngazi na baada ya dakika moja uko juu ya matumbawe. Mita 300, ngazi yako ni ya kuogea tu. Kuona samaki itabidi utembee kwenda upande mwingine wa kisiwa au upande boti. Nyumba nyingi za juu ya maji zimejengwa juu ya mchanga mtupu wa lagoni, yale maji machache yaliyokingwa na mwamba, na kuna sababu: ni rahisi kusimamisha nguzo hapo, hakuna matumbawe ya kuharibu, na mwamba wa nje huvunja mawimbi. Ni mahali pazuri kwa watoto wakubwa na kwa wasiojua kuogelea sana. Kwa mwenye miwani na mrija, baada ya siku moja atakuwa amewaona taa, papa wadogo wenye ncha nyeusi ambao hawana shida na mtu, na korongo anayewinda kando ya nguzo. Basi.

Kina ni suala la pili. Maji ya Maldivi hayapwi sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kama mita moja, na wakati wa maji mafu ni chini ya hapo. Mita moja ni ndogo kwa nahodha. Kwa nyumba iliyojengwa juu ya lagoni yenye kina cha mita 1.3 maji yakijaa, mita hiyo ndiyo kila kitu: yakipwa unabaki na maji ya magotini na mchanga unaojitokeza. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku moja au mbili baadaye. Kama likizo ni ya siku tatu na zote zimeangukia bamvua, tazama jedwali la maji la Malé, mji mkuu, uone yanapwa saa ngapi, na ukumbuke kwamba kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Maji ya kupwa ya saa nne asubuhi siku ya kwanza yatakuwa karibu na saa tano siku inayofuata.

Hoteli ikiulizwa "je, mtu anaweza kuogelea kutoka kwenye nyumba?" itajibu ndiyo. Uliza hivi: wakati wa bamvua, maji yakipwa, kina chini ya ngazi ya nyumba namba fulani ni mita ngapi? Swali lenye namba hupata jibu lenye namba, au ukimya ambao nao ni jibu. Katika barua hiyohiyo ulizia kama kuna ujenzi au ukarabati unaoendelea mwezi huo, hata kwenye kisiwa cha karibu. Sauti ya mashine ya kuchimbia nguzo husafiri mbali sana juu ya maji.

Nafasi kwenye gati nayo ina siri zake. Nyumba za mwanzo, karibu na nchi kavu, zinapitiwa na kila kigari cha umeme kinachokwenda mbele, na magurudumu juu ya mbao hutoa mlio wa ngoma. Za mwisho zina faragha na mara nyingi ziko karibu na ukingo wa mwamba, lakini ndizo zinazopokea upepo na mkondo kwanza, na chakula cha asubuhi kiko mita 500 kutoka hapo. Gati la duara lina tatizo lake: nyumba za ndani ya duara hutazamana, na kile kidimbwi cha faragha cha kwenye picha kinaonekana na jirani wanane. Gati lililonyooka, nyumba ikiwa katika theluthi ya mwisho lakini si ile ya ncha, ndilo chaguo tunalolipenda. Tafuta pia kwenye picha ya angani mahali ndege za baharini zinapotua na gati la mizigo liko wapi. Vyote viwili huanza kazi alfajiri.

Kufika

Karibu ndege zote za kimataifa zinazoleta wageni hutua kwenye uwanja wa Velana, kando ya Malé. Kuanzia hapo kuna njia tatu: boti ya kasi kwa visiwa vya karibu, ndege ya baharini, au ndege ya ndani ikifuatiwa na boti.

Ndege ya baharini ndiyo inayoharibu hesabu za watu. Ni Twin Otter ya abiria kama 15, na hairuki gizani, kwa kuwa rubani anatua juu ya maji kwa macho. Kwa hiyo ukitua Velana baada ya saa tisa au tisa na nusu alasiri, uwezekano mkubwa ni kwamba utalala hoteli ya karibu na uwanja na kuondoka asubuhi, wakati usiku wa kwanza kisiwani umekwisha kulipiwa. Kabla ya kununua tiketi ya kimataifa, pata kwa maandishi kutoka hotelini saa ya mwisho ya kupokelewa. Ratiba kamili haitolewi mapema. Kampuni hupanga safari usiku wa kuamkia, kulingana na nani anakwenda wapi, na ndege hiyo inaweza kutua visiwa viwili kabla ya chako. Kusubiri saa mbili au tatu si ajabu. Mzigo unaoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 20 na kilo 5 za mkononi, na ziada hulipiwa kwa kilo. Mizigo ikizidi uzito wa ndege, baadhi ya masanduku hufuata na ndege nyingine, kwa hiyo weka dawa, nguo za kuogelea na miwani kwenye mkoba wa mkononi.

Boti ya kasi haina masharti ya mchana, lakini msimu wa kusi hupiga sana. Kaa nyuma, karibu na injini, ambako chombo hakirukiruki kama mbele. Mwenye kichefuchefu cha bahari ameze kidonge saa moja kabla ya kupanda. Ukisubiri mpaka tumbo lianze, umechelewa.

Viza ya siku 30 hutolewa bure uwanjani kwa watu wa mataifa yote wanaotimiza masharti, lakini fomu ya wasafiri iitwayo IMUGA lazima ijazwe mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari. Ni ya bure. Tovuti inayodai malipo si ya serikali. Pombe haiingii nchini hata chupa moja ya zawadi: mashine ya uwanjani itaiona, itachukuliwa, nawe utapewa stakabadhi uichukue wakati wa kuondoka. Ndani ya hoteli za visiwani pombe inauzwa kihalali. Sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku kuingizwa tangu Novemba 2024, na katazo hilo linawahusu wageni pia.

Bei iliyoandikwa na bei inayolipwa

Ukiona alama mbili za kujumlisha baada ya bei, jua safari bado haijaanza. Juu ya bei ya msingi kuna tozo ya huduma ya asilimia 10. Juu ya jumla hiyo kuna kodi ya utalii ya bidhaa na huduma, iliyopanda kutoka asilimia 16 hadi 17 tarehe 1 Julai 2025. Kwa kuwa kodi inakokotolewa juu ya tozo, ongezeko si asilimia 27 bali 28.7. Chumba cha dola 1,000 za Marekani kinakuwa dola 1,287. Kisha kuna kodi ya kijani, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku katika hoteli za visiwani, watoto chini ya miaka miwili wakisamehewa. Watu wawili, jumla dola 1,311 kwa usiku. Hesabu hiyohiyo ya 28.7 huwafuata mezani na kwenye baa, kwa hiyo kahawa ya dola 10 ni dola 12.87.

Usafiri wa kutoka Velana kwa kawaida haumo katika bei ya chumba, na kwa ndege ya baharini ni mamia ya dola kwa mtu mmoja, kwenda na kurudi. Gharama hiyo ni ileile ukikaa siku mbili au kumi, ndiyo sababu safari ya usiku mbili ni hasara kwa kila namna.

Kuhusu chakula, kumbuka hakuna mgahawa mwingine. Nusu bodi hukupa asubuhi na jioni, na mara nyingi vinywaji vya jioni havimo, hata maji. Bodi kamili huongeza mchana. Mpango wa kila kitu ndani unastahili kwa wanywaji, na kwa familia ambayo watoto wake hudai juisi kila saa. Kwa wawili wasiotumia pombe, nusu bodi na chakula chepesi cha mchana mara nyingi hutoka nafuu. Uliza migahawa mingapi kati ya yote imo kwenye mpango. Mara nyingine ni mmoja tu, ule wa kujipakulia, na mingine inakupa punguzo.

Njia nzuri ya kupunguza gharama ni kuigawa likizo: usiku mbili au tatu kwenye nyumba ya ufukweni, kisha usiku mbili au tatu za mwisho juu ya maji. Anza nchi kavu. Anayeanza juu ya maji kisha akahamia ufukweni huona ameshushwa cheo, na kwa watu wengi usiku wa tatu juu ya maji unatosha; mshangao wa kuona bahari chini ya sakafu huzoeleka haraka. Siku ya kuhama mna pengo: chumba cha kwanza hurudishwa karibu saa sita, cha pili huwa tayari saa nane. Wafanyakazi huhamisha mizigo wenyewe. Panga chakula cha mchana hapo katikati.

Nyumba inavyofanya kazi, na inavyokorofisha

Chini ya mbao za gati kuna mabomba na nyaya zote: maji ya bomba yaliyochujwa chumvi kisiwani, umeme kutoka kwenye jenereta za dizeli zikisaidiwa na sola katika baadhi ya hoteli, na maji machafu yanayovutwa kurudi nchi kavu kusafishwa. Kwa kuwa nyumba za mwisho ziko mbali na mitambo, nguvu ya maji ya kuoga kule hupungua asubuhi wakati kila mtu anaoga. Si hitilafu ya chumba chako. Kuhamia nyumba ya tatu kutoka hapo hakutabadilisha kitu.

Sauti ya usiku huwashtua wasiojiandaa. Wimbi dogo likipiga nguzo na kurudi, hewa hubanwa chini ya sakafu na kutoa mshindo. Usiku wa kwanza watu hudhani kuna mtu anagonga. Hali hiyo huzidi maji yakijaa, maana pengo kati ya maji na sakafu limepungua. Vizibo vya masikio vinatosha. Mbu, kwa upande mwingine, ni wachache huku kuliko kwenye nyumba za ufukweni zilizozungukwa na majani. Hiyo ni faida ambayo haitangazwi vya kutosha.

Mbao za baraza zina nafasi kati yake ili maji ya mvua na ya mawimbi yapite, na nafasi hiyo hupitisha pia kadi ya mlango, pete, hereni na simu nyembamba. Usivue pete ukiwa barazani kupaka mafuta. Taulo na nguo zilizoanikwa zibanwe, la sivyo zitaokotwa lagoni. Mbao zikilowa baada ya mvua huteleza, hasa ngazi ya chini kabisa ambayo imeota ukijani wa mwani. Shuka ukiutazama ukuta wa ngazi, kama unavyoshuka mnazi, si ukitazama bahari.

Kioo cha sakafuni ni kitu cha kufurahisha jioni ya kwanza. Usiku taa ya chini huvuta samaki, na pweza au mkunga huweza kupita. Mchana hutaona mengi, kwani mwanga wa chumbani hurudi usoni. Ukikuta kimetanda ukungu wa kijani kwa chini, waite wakisugue. Huota upya haraka sana katika maji ya joto.

Kamera ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje hufunikwa na mvuke papo hapo. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa, barazani, kivulini, kwa nusu saa kabla ya kuitumia. Soketi nyingi ni za pini tatu bapa za Kiingereza, volti 230. Na saa: hoteli nyingi huweka saa ya kisiwa mbele ya Malé kwa saa moja, ili jioni iwe ndefu. Simu yako haijui hilo. Wanaokosa boti ya pomboo siku ya kwanza huwa wameshika saa ya Malé.

Watoto ni jambo la kulitamka bila kulizungusha. Mabaraza mengi hayana uzio upande wa ngazi, na baadhi ya hoteli hukataa watoto chini ya umri fulani au hudai wazazi watie saini kwamba wamekubali hatari. Mtoto anayetembea lakini haogelei hapaswi kulala juu ya maji, hata kama hoteli inaruhusu. Mlango wa barazani hufunguliwa kwa kuvutwa tu, na mtoto wa miaka mitatu anauweza.

Kushuka majini

Usipige mbizi kichwa kwanza kutoka barazani. Kina ulichokipima jana jioni si cha leo asubuhi, na mchanga uliosukumwa na mkondo hurundikana chini ya nyumba pasipo kuonekana kutoka juu kwa sababu ya mng'ao.

Kabla ya kuogelea kuelekea ukingo wa mwamba, tazama mkondo. Samaki wadogo juu ya matumbawe huelekeza vichwa kule mkondo unakotoka. Kundi zima likitazama upande mmoja na kupiga mikia kwa nguvu, maji yanakwenda. Au angusha jani na ulifuate kwa macho kwa sekunde kumi: likienda zaidi ya mita tano, hiyo ni kasi ya nusu mita kwa sekunde, na mwogeleaji wa kawaida atashindana nayo kwa shida. Anza kwa kwenda kinyume na mkondo ukiwa na nguvu, ili ukichoka ukurudishe nyumbani. Ukibebwa, usipambane nao uso kwa uso. Kata mkondo kwa pembeni kuelekea kwenye maji machache ya lagoni. Mikondo mikali iko kwenye milango ya mwamba, mahali lagoni inapojaa na kutokea. Gati linalofika karibu na mlango kama huo lina samaki wengi, na pia hatari kubwa kwa anayeshuka peke yake.

Katika maji ya matumbawe kuna samaki aitwaye kikande mkubwa, ambaye wakati wa kulinda mayai humfukuza mtu na kuuma kweli. Eneo analolilinda ni kama faneli, linapanuka kwenda juu. Kwa hiyo ukimwona anakuja, usipande juu. Ondoka kwa ubavu, mapezi yakiwa upande wake.

Vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea. Inakinga mgongo, ndipo jua linapochoma mtu anayeelea kifudifudi, na inapunguza mafuta ya ngozi yanayoingia majini. Matumbawe ya Maldivi yalipigwa vibaya na joto la bahari la mwaka 1998, kisha 2016. Usitarajie rangi za mabango katika kina cha mita mbili. Sehemu nyingi za juu ni kijivu na kahawia, uhai uko mita nne hadi kumi chini kwenye ukingo. Usisimame juu yake kurekebisha miwani. Matumbawe na magamba ya kasa hayatoki nchini, na mizigo hukaguliwa.

Anayetaka kuwaona taa wakubwa wa manta asiufuate msimu wa kaskazi kwa sababu tu ni mkavu. Ghuba ya Hanifaru, katika Atoli ya Baa ambayo UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya biosfea mwaka 2011, hujaa manta wakati wa kusi, kwa sababu pepo na mikondo husukuma chakula chao na kukikusanya upande huo. Upepo unaoharibu baraza la machweo ndio unaowaleta.

Waliopiga mbizi kwa mtungi wahesabu saa kabla ya kuondoka, maana kuruka juu angani mapema baada ya mbizi ni hatari kwa mwili. Ndege ya baharini huruka chini, lakini ile ya kimataifa inayofuata haifanyi hivyo. Mapumziko ya saa 18 ndiyo kiwango cha chini kwa aliyepiga mbizi siku kadhaa mfululizo, na vituo vingi hudai saa 24. Mbizi ya mwisho iwe asubuhi ya siku ya kabla ya safari.

Saa ya kuondoka kisiwani utaambiwa jioni ya mwisho, kwa karatasi au ujumbe. Kama ndege ya kimataifa ni ya usiku, bado utaondolewa kisiwani kabla ya giza, na utabaki Velana saa tano au sita. Uliza mapema kama kampuni ya ndege ya baharini au hoteli ina ukumbi wa kupumzikia wakati wa kurudi pia, maana kumbi nyingi hupokea wanaokwenda tu. Kisiwani kwenyewe kuna chumba cha kuogea cha wageni waliokwisharudisha funguo: acha nguo kavu juu kabisa ya mkoba, si chini ya mapezi yenye maji.